Ukoo wa Chumbageni: kisomo cha Jumamosi

Dada Rehema, saa 2:10 asubuhi
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ile sauti iliyoletwa humu juzi, inayosemekana kuwa ya shehe mashuhuri akiwahimiza vijana waende vitani, haijathibitishwa na yeyote, na bado watatu kati yetu wameisambaza kwingine. Jumamosi baada ya Alasiri tukutane kwa Mama Mdogo, tuwasomee vijana mambo ya 1914, mwaka Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Naomba kila mmoja aseme kama atakuja.

Dada Rehema, saa 5:40 asubuhi
Naona mmesoma na mmenyamaza, basi naanza hapa hapa. Tarehe 14 Novemba 1914, katika msikiti wa Fatih mjini Istanbul, zilisomwa fatwa za jihadi dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi, chini ya mamlaka ya Khalifa Mehmed V, sultani wa Waturuki. Wajerumani, waliokuwa wakiwatawala Waislamu hapa hapa Tanga, hawakuguswa, kwa sababu walikuwa washirika wa Waturuki. Na huko Berlin, Max von Oppenheim, mwanadiplomasia wa Kijerumani, alikuwa ameshaiandikia serikali yake mpango wa kuwachochea Waislamu waliotawaliwa na maadui zake.

Binamu Shafii
Pasipo sambusa za Mama Mdogo, hata khalifa mwenyewe hanitoi Mombasa.

Mama Mdogo
Sambusa zipo, mwanangu, ila unga ulete wewe.

Dada Rehema
Tafadhalini, tusiiache mada. Waingereza nao walimtumia Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar, aliyewataka Waislamu wabaki waaminifu kwao, na Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, akawausia wafuasi wake vivyo hivyo. Mtu wa pwani aliyewaheshimu Khalifa wa Istanbul na Sultani wa Zanzibar pia alivutwa huku na huku kwa majina anayoyapenda. Sauti ya juzi inafanya kazi ile ile, maana anayeisikia huona haya kuuliza imetoka wapi.

Kaka Idi
Tungesoma karatasi za Babu, lau zisingechukuliwa siku ya arobaini. Aliyezichukua yumo humu.

Shangazi Saumu
Nilizinusuru na mchwa, Idi, nawe ukaniita mwizi mbele ya wageni.

Dada Rehema
Shangazi, Kaka, nawaomba hayo tuyazungumze siku nyingine.

Babu wa Pangani, saa 3:15 usiku
Wajukuu zangu, nimesomewa yote. Baba yangu na mdogo wake walichukuliwa kuwa wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, wale ambao kambi yao iliipa Kariakoo jina lake. Aliniambia kuwa mzungu aliyekuja kuwaandikisha hawakumjua, lakini alifuatana na liwali, na liwali walimjua tangu utotoni, kwa hiyo hawakuuliza neno. Mdogo wake hakurudi. Liwali hakuja msibani. Saumu, zilete hizo karatasi.

Shangazi Saumu, saa 4:02 usiku
Nimesikia, Baba. Nitazileta, lakini hazitalala kwa Idi.

Binamu Shafii
Shikamoo, Babu. Nisamehe kwa mzaha wangu. Jumamosi nina zamu kazini. Je, Jumapili haifai?

Dada Rehema
Ngoja nimsikie Mama Mdogo kuhusu Jumapili. Hao watatu waliosambaza ile sauti waifute usiku huu.

Mwanahamisi
Dada, mimi ni mmoja wao. Nimeifuta, lakini wenzangu wa madrasa wameshaipeleka mbele, na wanasema wameipata kwa mjukuu wa Babu wa Pangani.