Mrejesho: zile picha za theluji za kutafuta na kuhesabu

Wadau habari zenu, mi ndo yule wa Ujiji niliyeuliza wiki ilopita nifanyeje na karatasi za picha za nchi za baridi, watoto wa chekechea wanatafuta pengwini, glavu, sanamu za theluji halafu wanaandika ziko ngapi, ila theluji hawaijui na kitu kimoja wanakihesabu mara mbili. Aisee mmenisaidia sana!

Aliyesema nitumie vizibo vya soda, Mungu akubariki. Wakiipata picha wanaweka kizibo juu yake, mwisho wanakusanya wanahesabu vizibo, basi. Kuna katoto ka miaka minne kalikuwa kakifika tano kanarudi moja, jana kamefika tisa, kidole kimegandamiza kizibo cha mwisho hakataki kukiachia, nikakabeba juu.

Theluji nimewaonyesha ile barafu nyeupe inayoganda pembeni mwa friza ya jirani anayeuza samaki, wakakwangua na kijiko, nikawaambia kule kileleni Kilimanjaro inadondoka kutoka mawinguni. Tukachora chembe yake, ina miale sita, wakahesabu wote. Glavu bado wanaziita soksi za mikono, nimewaachia.