Mota inakwaruza na kupata moto upande mmoja: nitajuaje kama ni beringi au koili?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba ushauri kuhusu mota ya fezi tatu, kilowati 5.5, mizunguko 1450 kwa dakika, inayoendesha pampu ya maji. Kwa muda sasa inatoa sauti ya kukwaruza upande wa kapling (kiungo cha shafti ya mota na ya pampu), na nyumba ya beringi ya upande huo inapata moto kiasi kwamba mkono hauvumilii, ilhali upande wa feni ni vuguvugu tu. Fundi niliyemwita aliisikiliza kidogo, akasema koili zimechoka na mota isukwe upya. Huenda yuko sahihi, lakini hakupima chochote, na kusuka upya mota ambayo koili zake ni nzima ni hasara ambayo ningependa kuiepuka. Ni dalili zipi zinazotenganisha uchakavu wa beringi na uchakavu wa koili?

Msuka Mota

Ndugu, umefanya vyema kutokubali kabla ya vipimo. Jaribio la kwanza halihitaji kifaa: mota ikiwa kwenye mwendo wake kamili, kata umeme na uendelee kusikiliza inavyopunguza kasi. Mngurumo unaotokana na umeme hukoma papo hapo, kwa sababu usumaku uliokuwa ukiutoa umeondoka. Mkwaruzo wa beringi huendelea, ukishuka pamoja na mwendo hadi shafti isimame. Unaweza pia kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi na mpini wake sikioni, ukijihadhari sana na shafti inayozunguka. Beringi nzima hutoa mvumo laini usiobadilika. Iliyochakaa hukwaruza au kugongagonga. Baada ya hapo fungua kapling, uiendeshe mota peke yake, maana kelele ikitoweka mshukiwa ni pampu.

Kwa upande wa koili, pima ampea za kila fezi mzigo ukiwepo, kisha, umeme ukiwa umekatwa na nyaya zimefunguliwa, pima ukinzani wa koili zote tatu, ambao unapaswa kulingana. Mwisho, pima insulesheni (kinga inayozuia umeme kuvuja) kati ya koili na bodi kwa mega, yaani kifaa cha kupimia insulesheni, ya volti 500. Kwa mota ya ukubwa huo, kipimo kilicho chini ya megaomu 5 ni cha kutiliwa shaka, ingawa wakati mwingine ni unyevu tu, na mota ikikaushwa vizuri kipimo hupanda. Ampea zikitofautiana, pima kwanza volti zinazoingia, kwa sababu tofauti ndogo ya volti baina ya fezi huzaa tofauti kubwa zaidi ya ampea, na mota nyingi nzima zimelaumiwa kwa kosa la laini.

Mwanzisha uzi

Ninashukuru sana. Mkwaruzo uliendelea baada ya kukata umeme, na unasikika hata pampu ikiwa imetenganishwa. Ampea ni 10.4, 10.6 na 10.3, wakati kibao cha mota kinaonyesha 11.2. Ukinzani unalingana, na insulesheni imezidi megaomu 200. Nikiinua shafti kwa mkono ninahisi mchezo wa juu na chini, na grisi iliyovuja pale ni nyeusi.

Shafti Nyoofu

Basi koili zako ni nzima. Kilichochakaa ni beringi. Badilisha zote mbili sasa na usiiwashe mota kabla ya hapo, kwa sababu nafasi kati ya rota (sehemu inayozunguka) na stata (sehemu tuli yenye koili) ya mota kama hiyo haifiki milimita 1, na mchezo ukizidi rota itaanza kusugua stata. Ikifika hapo, koili zitaharibika kweli.

Soma namba iliyochongwa ubavuni mwa beringi ya zamani. Kama ni 6208, kwa mfano, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 zinakupa kipenyo cha shafti, yaani milimita 40. Ipashe moto beringi mpya bila kuvuka nyuzi 110 za selsiasi, uiteleze mahali pake. Ukilazimika kuigonga, nguvu ipitie kwenye ringi ya ndani pekee. Ukigonga ya nje, mipira itatia vidonda njia yake na beringi mpya itaanza kazi ikiwa imeumia.

Jicho la Karakana

Ninakubaliana na waliotangulia, ila ninasihi beringi ya zamani isitupwe kabla ya kufunguliwa na kuchunguzwa, kwa sababu bila kujua kilichoiua, mpya nayo haitadumu. Kutu ndani yake inaonyesha kwamba maji yanapenya, na kwa pampu ninashuku sili yake (kizuizi cha maji kwenye shafti) inayovuja kuelekea kwenye shafti. Njia ya mipira iliyolika kwa mshazari inaonyesha kwamba shafti ya mota na ya pampu hazijanyooshwa sawasawa. Mistari midogo iliyopangana kama mbao za ngazi hutokana na umeme unaopita kwenye beringi, jambo la kawaida kwa mota zinazoendeshwa na inveta (kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota). Na kama beringi zako ni za kutiwa grisi, usishindilie hadi pomoni wala usichanganye aina mbili, kwa maana grisi ikizidi nayo huleta joto.

Tuambie, mota yako inaendeshwa na inveta au moja kwa moja? Na sili ya pampu ina dalili zozote za unyevu?