Naomba ushauri: dawa ya usingizi kwa upasuaji wa moyo wa mtu mzima mwenye tetralojia ya Fallot (kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo)

Wakuu, mgonjwa ana miaka 26, kilo 52, na kasoro yake haijawahi kurekebishwa. Oksijeni ya damu ni asilimia 76, hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) asilimia 66. Utotoni aliwekewa shanti ya Blalock-Taussig (njia inayochepusha damu ya ateri ya mkono kwenda mapafuni) upande wa kulia, kwa hiyo kanula ya ateri, ya kupimia presha, itakaa mkono wa kushoto. Wa kulia unaweza kudanganya presha.

Maji ya mshipa yataanza tangu anapofunga, damu isizidi kuwa nzito. Mirija yote itolewe mapovu, maana povu linaweza kupita kwenye tundu la moyo hadi ubongoni. Kulaza ni kwa ketamini miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, polepole, fenilefrini (ya kupandisha presha) ikiwa tayari kwenye sindano: presha ikishuka, damu inakwepa mapafu.

Kinachonisumbua ni kuganda kwa damu. INR (kipimo cha kuganda; ikipanda, damu inachelewa kuganda) ilitoka 2.1, lakini chupa ilikuwa na kiasi cha kawaida cha sitreti, kizuia kuganda. Kwa hematokriti hiyo plazma (maji ya damu) ni kidogo, sitreti inazidi, jibu linapanda kwa uongo. Kurudia kwa sitreti iliyopunguzwa kulitoa 1.3. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, ni 95,000.

Je, nitoe yuniti moja ya damu yake kabla ya heparini (ya kuzuia damu kuganda), nikifidia kwa maji, arudishiwe baada ya mashine ya moyo na mapafu? Au kushuka kwa presha wakati wa kutoa ni hatari kubwa zaidi?