Naomba ushauri: mchanganyiko wa PLA na polietilini unakatika kama biskuti

Wakuu, habari za kazi. Nahangaika kuchanganya polietilini ya kawaida (plastiki ya mifuko) na PLA, ile plastiki inayotokana na sukari ya mimea na kuoza kwenye mboji yenye joto kali. PLA nimeweka asilimia 30. Ukanda wa polietilini tupu nikiuvuta unarefuka tu kama jojo. Wa mchanganyiko unakatika pap, hata haujanyooka vizuri.

Nimeuweka mpasuko chini ya darubini: vitone vya PLA vimechomoka vizima na kuacha vishimo laini, kama kokwa iliyotolewa kwenye tunda. Yaani havikushikwa na chochote. Mwanzoni nililaumu unyevu, maana PLA ikiyeyushwa kwa joto huku bado ina maji ndani yake, minyororo ya molekuli zake hukatika. Nikaikausha saa sita kwa nyuzi 80. Nafuu ndogo sana.

Kwa hiyo nahitaji kiunganishi, yaani kitu cha kuzishikanisha plastiki hizi mbili. Je, nitumie polietilini iliyopandikizwa kemikali ya anhidridi ya maleiki, au yenye kemikali ya glisidili methakrileti? Moyo unanipeleka kwenye hii ya pili, kwa kuwa pete yake ya epoksi (kijipete cha atomi kinachofunguka kirahisi) hufunguka na kushikana na ncha za minyororo ya PLA. Tatizo ni kipimo. Nahofia nikizidisha, uji wa plastiki iliyoyeyuka utakuwa mzito na mashine ya kuchanganyia ianze kulia.

Halafu, mnaingiza vyote pamoja, au kiunganishi kinakutana na PLA kwanza? Aliyewahi kuifanya kwa mikono yake anisaidie.