Naomba ushauri: barabara mpya na maeneo ya urithi wa Waaborijini

Wakuu habari zenu, naombeni msaada hasa mnaofanya kazi za barabara huku Australia. Niko Victoria, timu yetu inachora njia mpya na kipande kimoja kinapita ndani ya mita 200 kutoka mtoni, kwahiyo kwa sheria ya urithi wa Waaborijini (wenyeji asilia wa huku) ya 2006 inabidi kuwe na mpango wa kulinda urithi kabla ya kibali chochote.

Rejista ya serikali ya maeneo ya urithi nimeangalia haionyeshi kitu, ila tulipotembea na wazee wenye ardhi yao wakatuonyesha miti mikubwa yenye makovu, ile iliyobanduliwa magome zamani kutengeneza mitumbwi na ngao, halafu wakasema kuna sehemu nyingine hawataki iwekwe kwenye ramani yoyote. Mi nawaelewa kabisa, siri ya watu ni yao. Shida msimamizi anataka kila kitu kiwe na kodineti (namba za mahali kilipo kwenye ramani). Tumejaribu kusogeza njia upande wa pili tukaangukia kwenye chepechepe, gharama imepaa. Na yale ya barabara kuu ya Western Highway hapa Victoria 2020, mti wa Djab Wurrung (jamii ya Waaborijini wa huko) ulipokatwa na watu wakakamatwa, jamani sitaki tufike huko.

Swali: mnachoraje eneo la kukwepa bila kufichua kilichomo? Na kwenye mkataba wa mkandarasi inaandikwaje ili greda lisipite bila mzee wa pale kuwepo saiti?

Natanguliza shukrani.