Mrejesho: zile insha 46 za kidato cha pili, Lamu

Asalaam aleikum walimu wangu. Mwezi uliopita niliomba ushauri wa kusahihisha insha: mimi mwalimu msaidizi mgeni, insha 46, kila moja yanichukua dakika 20, ukurasa mzima wino mwekundu.

Nilianza kwa kusoma insha 10 bila kalamu mkononi kabla ya kutoa alama yoyote. Imenifaa mno, alama hazipandi na kushuka tena kwa uchovu wangu.

Lakini lililobadilisha mambo ni kueleza makosa mawili tu katika kila insha. Kijana mmoja aliandika kwa Kiamu, lahaja ya hapa Lamu: "akafumba mato, akaketi tini". Zamani ningekata tu. Safari hii niliandika pembeni: "Hiki ni Kiamu safi cha nyumbani. Msimulizi wako aseme macho, chini. Wahusika wakizungumza, kiache." Insha yake iliyofuata, bibi anasema Kiamu na msimulizi Kiswahili sanifu. Wallahi nilifurahi.

Lililoshindikana ni kuwataka waandike upya: walioleta ni 11. Nadhani nilikosea kuwapa kazi hiyo Alhamisi jioni. Sasa wataandikia darasani. Na nimefika dakika 12 kwa insha, zile 5 mlizonitajia bado.

Dada wa Malindi uliyenitumia mfano wa maoni yako, Mungu akuzidishie. Ahsanteni nyote.