Kiumbe mkubwa kama sayari, uhai wake mnaupigaje hesabu?

mzee_wa_dadu: Wakuu, mwisho wa kampeni yangu (hadithi ndefu ya gemu la kuigiza wahusika kwa dadu) nataka kuleta kiumbe mwenye ukubwa wa sayari kabisa. Tarrasque, lile zimwi kubwa la gemu la Dungeons & Dragons toleo la 5 (la 2014) ana uhai 676 na kinga 25 (namba ya kufikia kwenye dadu ili umpige), na huyo ana urefu wa futi 50 tu, sasa wangu ana kipenyo cha kilomita elfu 12 na ushee kama Dunia, nikizidisha si nitapata namba isiyosomeka?

kete_mbili: Usimpe uhai kabisa. Ukiandika namba tu wachezaji wataanza kuipunguza, hata iwe milioni, mtarusha dadu mpaka mchoke. Mfanye uwanja wa gemu, mishipa iwe mapango, neva moja uipe uhai 200, na chembe zake za kinga ndio maadui wenyewe.

Popobawa99: Kweli, ila na yeye apate zamu bana. Kila raundi ya 10 anapumua, wote warushe dadu ya kujiokoa wasipeperushwe.

mzee_wa_dadu: Hiyo ya neva nimeielewa. Je mchezaji wangu mwenye mhusika mchawi akimgeuza huyo kiumbe awe kondoo?

kete_mbili: 😂 Uchawi unashika kile anachokiona, na anaona kipande cha ngozi tu. Mpe kondoo mmoja na shimo ardhini.